Njia Panda ya Qalhat

Mama yangu alikuwa na kuku mmoja wa kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, mbaya wa sura hata paka hamtazami mara mbili. Lakini alikuwa akitaga. Kila siku ya Mungu yai, na siku nyengine yai lenyewe lina viini viwili. Mtaani kwetu Unguja nyumba zilibanana, ukipiga chafya jirani anakuombea rehema kutoka chumbani kwake, kwa hivyo khabari za kuku yule hazikuwa siri ya mtu. Siku moja mama yuko barazani na mashoga zake, mmoja akamuuliza, "Kuku wako yule bado anataga?" Mama badala ya kusema alhamdulillahi akapandisha mabega, akasema, "Kuku wangu? Unguja nzima hapana mfano wake." Basi. Akaendelea kuchambua mchele.

Alasiri ile ile kuku alikutwa chini ya ngazi, miguu juu.

Mama alilia, na hakumlilia kuku, aliulilia ulimi wake. Akanishika sikio, mie sikuwa na kosa lolote, akanambia, "Ukisifu kitu sema mashaallah. Chako, cha mwenzio, hata cha adui yako. Umesikia?" Nilisikia, sikio lilikuwa mkononi mwake. Mke wangu ni mtu wa Sur, Mwarabu wa kuzaliwa na kukulia huku Oman ninakoishi, na kisa hiki ameshakisikia mara zisizo na hesabu. Yeye anasema kuku yule alikula sumu ya panya. Huenda. Nyumba zetu za mjini panya walikuwa wengi kuliko watu. Lakini mie toka siku ile sijasifu hata kikombe cha chai bila ya kusema neno hilo, na watu wangu wananicheka, hata fundi akinitengenezea gari namwambia, "Mashaallah, inawaka," kisha ndio namuuliza bei.

Nakwambia haya kwa sababu siku moja, baada ya umri wote huu, nilisahau.

Mie Oman nimekuja kijana, sina shahada, sina ufundi. Shule nilikaa kidogo sana, na hicho kidogo nilikaa karibu na dirisha. Ibra nikapata kazi ya kuendesha gari la maji. Miaka mingi nimepeleka maji majumbani, vichochoro vyote vya Ibra navijua kwa kurudi kinyumenyume. Khalafu nikaoa Sur nikahamia Sur. Nimejaaliwa watoto sita, mashaallah. Mkubwa ana gereji Firq, ile sehemu ya viwanda ukitoka Nizwa, na ndiye anayeniona mimi ni mdogo wake. Wa mwisho ni binti.

Huyu binti ndiye khabari yenyewe. Kasoma, Kiingereza anakizungumza kama kazaliwa nacho, Kiarabu cha mama yake ndio chake, na Kiswahili kapata kwangu tu, nyumbani, tena kile cha kuambiwa njoo, kaa, kula, panda gari, funga mlango. Kukisema anakisema, lakini kila kitu kwake ni "hii." Hii kiti, hii maji, hii watu. Simsahihishi. Wenziwe hawasemi kabisa.

Alikuwa na kazi nzuri ya ofisini, akaiacha. Akasema anataka kutembeza wageni milimani. Mama yake akasema kwa Kiarabu, "Milimani kuna nini?" Akasema kuna njia. Na kweli njia ipo. Zamani, kabla ya barabara kuu hii ya magari, watu wa pwani walikuwa wakitoka Qalhat, karibu na Sur, kwa miguu, na punda wao, wakifuata chini ya mlima kandokando ya bahari, huku jabali huku maji, wakipeleka samaki mkavu na kurudi na tende. Barabara ilipokuja njia ikawachiwa mbuzi. Binti yangu akaitafuta. Miaka miwili, kila Jumamosi, alikwenda akaondoa mawe yaliyoporomoka, na kila penye kutatanisha akapanga kilundo cha mawe kuonesha wapi pa kupita. Mikono yake ikawa migumu kama ya fundi wa mfereji. Na akafanya mtihani wa serikali akapata kibali chake, kina picha yake, nakijua kwa sababu nilikuwa nakichukua mezani namuonesha kila anayeingia nyumbani, hata mleta gesi.

Sasa ofisi moja ya safari ya Maskat ikamwambia hivi: tutakuletea mgeni mmoja, mzee aliyekwishatembea duniani. Akiridhika na njia yako, tunaiweka kwenye orodha yetu na wewe ndiye mwenye kuiongoza. Asiporidhika, basi. Kaka yake wa Firq naye akaweka sharti lake. Ofisi ikikataa, aache mchezo aende Nizwa akakae kwenye meza ya gereji apokee simu. Ofisi ikikubali, sawa, lakini hendi hata hatua moja na wageni ila baba awe naye. Mie nilikubali mbio. Nitasema kweli, nilifurahi. Mtu mzima hana kazi, anapata kuambiwa bila ya wewe haiwezekani.

Binti akanitazama miguu. Akasema, "Sawa, Baba. Lakini wewe utavaa viatu."

"Makubadhi yangu yana nini?"

"Hii makubadhi ni ya msikiti."

Nilikwenda na makubadhi.

Mgeni alitufikia Qalhat asubuhi, jua changa, mwezi wa Januari, hewa tamu. Mrefu, mwembamba, kofia ya nguo, mabuti ya kufunga kamba. Binti kamwendea na Kiingereza chake, mie nimesimama nyuma na bakora na chupa ya kahawa. Mzee yule akaniangalia kanzu, akaniangalia kofia, akaniangalia miguu. Akasema, "Shikamoo."

Nusura chupa inidondoke. "Marahaba!" nikasema. "Wewe umeyapata wapi haya?"

"Morogoro," akasema. "Nimezaliwa huko. Baba yangu alikuwa na mkonge."

"Mgiriki!" Nikamgeukia binti. "Mwanangu, huyu Mgiriki!"

"Baba, nilikwambia. Yunani."

"Yunani ya kwenye simu sikuijua. Huyu ni Mgiriki wa mkonge."

Basi tukaulizana umri, na hapo pakawa na tatizo, kwa sababu alinizidi miaka mitatu. Nimepokea shikamoo ya mtu mkubwa kwangu. Nikamwambia, "Nirudishie."

"Nini?"

"Marahaba yangu. Nirudishie, nikupe shikamoo yako."

Akacheka mpaka akashika magoti. "Wewe mzee wewe," akasema, "mkongeni kwetu hakuna mtu alikuwa anahesabu." Kiswahili chake kilikuwa cha bara, cha kambi, kimenyooka, hakina adabu hata chembe, na hakina ubaya hata chembe. Nilimpenda papo hapo.

Tukatoka. Binti mbele, mkoba mgongoni, kamba imefungwa juu ya mkoba. Sisi wazee wawili nyuma. Njia mwanzo ni pana, unapita karibu na magofu ya mji wa kale, kisha inateremka, bahari inakuja kuliani, jabali kushotoni, na kuanzia hapo ni wewe na mawe. Nilimuona binti akikanyaga. Hakanyagi ovyo. Anaweka mguu, anausikiliza, ndipo anauhamishia mwili. Kila penye kilundo chake cha mawe anakigusa kwa vidole akipita, kama mtu anavyomgusa mtoto kichwani.

Na yule Mgiriki akaanza hadithi. Sikumuomba. Kila jiwe tunalopita lina mwenyewe kwao. Pale mlima ulipojikunja mgongo, akasema kwao liko pandikizi lililopewa adhabu ya kubeba mbingu mabegani. Tukaona shimo ndani ya jabali linalovuma upepo, akasema kwao pepo zote zilifungwa pangoni na mungu wa upepo, na mungu wa bahari akaja...

"Ngoja," nikamwambia. "Hao miungu ni wangapi?"

Akafikiri. "Wakubwa kumi na mbili. Wadogo sina hesabu."

"Astaghfirullah. Bwana wee, hadithi zako tamu, lakini mie na umri huu siwezi kutembea njia nzima nasikiliza miungu kumi na mbili. Sema majini."

"Majini?"

"Majini wanafanya yote hayo. Wana upepo, wana bahari, wana hasira, wanaoa watu. Sema majini tutaelewana."

Akakubali, akasema haimpunguzii kitu. Toka hapo ikawa jini wa bahari, jini wa vita, jini wa pombe. Jini wa pombe nilimuombea Mungu amhifadhi. Akanihadithia juu ya baba na mwana waliojitengenezea mbawa za manyoya na nta, wakaruka, na mwana akaenda karibu na jua nta ikayeyuka akaanguka baharini. Nikamuuliza mwezi gani. Akasema hajui. Nikamwambia, "Huku Sur na nta mwezi wa saba? Asingetoka uwani."

Binti kule mbele alicheka. Hakugeuka, lakini niliona mabega.

Tulipumzika penye kivuli cha mwamba, nikamimina kahawa, tukala tende. Hapo ndipo alipotoa ile hadithi niliyoichukua mpaka leo. Akasema bibi yake alimpa yeye akiwa mdogo. Palikuwa na mfalme wa nchi ya watu weusi, upande wa bahari hizi hizi, baadhi ya watu wa kwao wanasema ni huku huku. Mfalme ana mke, na mke ana binti mmoja mzuri ajabu. Siku moja mke akasimama pwani mbele za watu akasema, binti yangu mzuri kuliko mabinti wote wa bahari. Jini wa bahari akasikia. Akatuma dude kubwa likawa linakula watu na mifugo, na waganga wakasema halitoondoka mpaka binti mwenyewe afungwe kwenye mwamba, limle. Wakamfunga. Mnyororo mikononi, bahari miguuni.

"Kisha?" nikasema.

"Kisha akaja kijana mmoja anaruka. Ana viatu vyenye mbawa."

"Viatu namna gani?"

Akanyoosha kidole chini. "Kama vyako."

"Makubadhi!" Nikamgeukia binti. "Umesikia, mama? Makubadhi yenye mbawa!"

"Nimesikia, Baba. Ya kwako haina mbawa."

Kijana akaliua dude, akamfungua binti, akamuoa. Hadithi imekwisha. Mgiriki akaniuliza naionaje. Nikamwambia yote sawa lakini kosa ni la yule mama, na dawa yake ilikuwa rahisi. Angesema mashaallah. Neno moja. Binti yangu mzuri kuliko mabinti wote wa bahari, mashaallah. Jini hana la kusema, dude halina safari, waganga wanabaki makwao.

Akanitazama sana. Kisha akatoa kikalamu akaandika mkononi mwake, kwenye ngozi, kwa herufi za kwao. Nikamuuliza kaandika nini. Akasema, "Miaka zaidi ya sabini natafuta kosa la yule mama. Sasa nimeambiwa."

Nikaona fahari, sikufichi. Nikasimama, nikajipangusa kanzu, tukaendelea, na mdomo wangu ukafunguka. Nikaanza kumhadithia Mgiriki juu ya binti yangu. Kwamba njia hii kaifanya yeye kwa mikono yake. Kwamba kibali chake kina picha. Kwamba Sharqiyah yote, na Dakhiliyah uitie, Ibra, Izki, Nizwa mpaka mlimani juu, hapana mwanamke wala mwanamme anayejua kukanyaga jabali kama yeye. Nilisema hivyo hivyo. Hapana mfano wake. Sikusema neno lengine baada yake. Mtu ambaye robo saa nyuma kamsomesha Mgiriki!

Binti alikuwa ametutangulia mbali kidogo, kwa sababu mimi nikisema nasimama. Na pale mbele, ninapajua, njia inagawika. Ya chini inafuata bahari, inazunguka jabali, ndiyo yenyewe. Ya juu ni ya mbuzi, inapanda kwenye ubavu wa mlima na inakwenda kufa kwenye kingo nyembamba, chini yake hewa, chini ya hewa maji. Njia zote mbili mwanzoni zinafanana. Ndio maana binti alipanga hapo kilundo kikubwa kuliko vyote. Lakini mvua ilinyesha wiki ile, maji yamekuja kutoka juu yamekisomba, mawe yametawanyika. Mie nikaona kwa mbali kwamba kilundo hakipo. Nikasema hapa ndipo pa kuonesha kazi ya baba. Nikaweka mikono mdomoni nikapiga kelele:

"Njia panda! Njia panda!"

Maana yangu, jihadhari mwanangu, hapo njia ni mbili, simama utazame. Yeyote aliyekulia kwetu anajua. Lakini huyu kakulia Sur. Huku njia zikikutana pana dawari, unazunguka, unatoka, na jina lake unalitaja kwa Kiarabu. Mie mwenyewe miaka yote hii kwenye gari namwambia dawari. Neno njia panda sijapata kulitia sikioni mwake hata siku moja. Panda analijua. Panda gari, panda ngazi, panda juu umwite mama yako.

Nikamuona kasimama. Katazama chini, katazama juu. Kisha akashika jabali akaanza kupanda.

"Njia panda!" nikasema kwa nguvu zaidi.

Akazidisha mwendo.

"Nimesema njia panda, wewe!"

Akapanda kama mbuzi mwenyewe. Mgiriki kasimama kando yangu, mkono juu ya macho. Akasema, "Mzee, njia si ile ya chini? Mbona mtoto anapanda?"

"Sijui! Namwambia asimame!"

"Wewe unamwambia apande."

"Mie? Namwambia njia panda!"

"Ndiyo," akasema taratibu, kama mtu anayemsomea mwenziwe barua. "Njia. Panda."

Nilifunga mdomo. Na lile neno la mama yangu likanijia, na kuku, na ngazi, vyote pamoja.

Binti alikuwa kishafika kwenye kingo. Pana pa kuweka mguu mmoja na nusu. Kauegemeza mgongo jabalini, bahari inapiga chini yake, buibui inapepea, na wallahi alikuwa vile vile, kama yule wa hadithi, ila hana mnyororo. Akapiga kelele, "Baba! Hakuna njia huku!"

Nikatupa bakora nikaenda. Sijui nilikuwa naenda kufanya nini. Nilifika kwenye jiwe la kwanza, kubadhi likateleza, nikaanguka kwa goti, nikainuka, nikahisi kanzu imenaswa. Ni Mgiriki kanishika kanzu.

"Kaa," akasema. "Huna mbawa."

"Niachie! Mwanangu yule!"

Na kutoka juu ikaja sauti. Si sauti ya mtu anayelia. Sauti ile sikuwahi kuisikia nyumbani kwangu, ya mtu mwenye kazi yake.

"Baba, kaa hapo hapo. Nyinyi wote wawili. Hakuna mtu kupanda. Kaa mbali na hii ukuta, mawe itaanguka."

Tukakaa mbali. Wazee wawili, tumeshikana mikono bila kujua nani kamshika nani.

Alivua mkoba pole pole, akaufunga kamba, akauteremsha kwanza mpaka ukatua chini. Kisha akageuka, uso kwenye jabali. Kugeuka kule ndiko kulikonimaliza. Akaanza kushuka. Mguu unatafuta, unapata, unasikiliza, unahama. Jiwe likimtoka anasema, "Jiwe!" na sisi tunaruka nyuma ijapokuwa tuko mbali. Pahala pamoja alisimama muda wa kupika wali, hapandi hashuki. Mie nasoma kila ninachokijua na ninachokijua nusu. Mgiriki naye kando yangu anasema maneno yake kwa lugha yake, sikumuuliza anawaambia majini wangapi. Kisha mguu ukapata ulichokuwa unakitafuta.

Alipofika chini kiganja kimechubuka, mtandio umejaa vumbi. Akamuangalia mgeni kwanza. Akamuuliza kwa Kiingereza, nadhani kama yu mzima. Khalafu akanigeukia mimi.

"Baba. Si umesema panda? Nilifikiri umeona hii mawe inaanguka huku chini."

Nikamueleza. Nikamueleza njia panda ni nini, nikaiokota bakora nikachora mchangani, mti na matawi mawili. Akautazama ule mchoro. "Hii ni dawari," akasema.

"Ndiyo, mama. Dawari."

"Kwa nini hujasema dawari?"

Hapo Mgiriki akashindwa. Alikaa chini kwenye jiwe, akacheka mpaka machozi, na binti akacheka, na mie nikacheka huku goti linatoka damu. Lakini binti alikuwa wa kwanza kunyamaza. Akasema, "Yallah, mawe." Akaanza kuokota. Akatuamrisha na sisi, mgeni mwenye kulipia safari na baba mzazi, tubebe. Akajenga kilundo upya, mara mbili ya kile cha mwanzo, na njia ya mbuzi akaizibia kwa safu ya mawe mpaka magotini. Mgeni alipotaka kuweka jiwe lake juu kabisa, akalitazama akasema halikai, akamrudishia. Mgeni akaenda kutafuta jengine. Mzee aliyetembea dunia nzima, nakwambia, anatafuta jiwe la kumridhisha binti yangu.

Kipande kilichobaki tulikitembea binti mbele, Mgiriki nyuma yake. Nilikuwa mtu wa mwisho. Niligundua kitu kimoja njiani, na sikupendezwa nacho mwanzoni. Njia yote ile hapakuwa na pahala hata pamoja niliposaidia. Kahawa nilibeba, ni kweli. Lakini kosa pekee lililotokea siku ile lilitoka kinywani mwangu, na aliyelitengeneza ni yeye. Kaka yake kaniweka niwe usalama wake. Usalama gani ule.

Mwisho wa kipande cha siku ile njia inapanda kidogo, inakutana na barabara. Gari letu tulikuwa tumelitanguliza hapo. Mgiriki akakaa, akavua buti moja, akatoa simu, akaanza kuandika. Binti kajifanya anakunja kamba. Kamba hiyo hiyo aliikunja mara tatu. Mie sikuweza kujizuia, nikamuuliza, "Unawaandikia ofisi?"

"Ndiyo."

"Unasema nini?"

Akanisomea kwa Kiswahili, kidole juu ya kioo. "Njia ni nzuri. Tulipotea kidogo, kosa halikuwa lake. Huyu binti anajua kupanda, na anajua kushuka, na wengi hawajui kushuka. Mimi nimemaliza njia nyingi na viongozi wengi. Huyu nitamfuata tena." Akateremsha kidole. "Halafu nimeandika, mzee anayefuatana naye ana hadithi nzuri lakini anapiga kelele."

"Hilo lifute."

"Silifuti."

Akabonyeza. Imekwenda. Binti alikaa chini pale pale mchangani, akaufunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika, na mie safari hii sikujua kama ni kicheko.

Simu yangu ikalia. Ni yule wa Firq, nyuma yake nyundo zinagonga bati. "Shikamoo, Baba. Mmemaliza?"

"Marahaba. Tumemaliza."

"Mgeni karidhika?"

"Karidhika. Watamchukua."

"Haya alhamdulillahi. Basi ni kama tulivyokubaliana, Baba. Kila safari wewe uko naye."

Nikamtazama binti. Kishainuka, kishajipangusa, anampa Mgiriki maji na kumuonesha kwa mkono kipande kinachoendelea mbele, kule jabali linapoingia ndani zaidi, wanapanga wapi wataanzia kesho. Hakuwa akinitazama mimi. Na goti likaniuma, na nikaona fahari ya namna nyengine, ile ambayo haitaki kusimama mbele za watu kusema kitu.

"Hapana," nikamwambia kaka yake. "Dada yako hahitaji mtu."

"Baba, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana. Sasa mimi nimekataa. Nikiwa nyuma yake ndio anapotea."

Alisema mengi. Nyundo zilisema mengi zaidi. Nikaizima simu.

Binti akaniita, "Baba, kesho tutatoka alfajiri. Utavaa viatu?"

"Kesho nendeni nyinyi wawili," nikasema, nikamuwekea bakora yangu juu ya mkoba wake. Aliichukua, akaipima mkononi, akatazama ncha yake, ndivyo anavyotazama kila kitu kabla ya kukiamini. Nikasema mashaallah, kwa sauti ya chini, nikasema tena. Kisha nikageuka nikapanda kwenye barabara, kubadhi moja limekatika mkanda linanipigapiga kisigino, nikalipita gari, nikafuata barabara kuelekea Sur kwa miguu yangu mwenyewe. Walinipita baadaye, wakasimamisha, nikawaashiria waende. Toka siku ile wageni wamekuja na kwenda, na njia ile mie sijaikanyaga tena.